UZI: Mgonjwa yuko nyumbani, taka zake zinapita mikononi mwa nani? Kwa watu wa Amu (Lamu) na visiwa vyake

Mstaafu_wa_Zahanati (mwenye uzi)

Asalaam aleikum watu wa Amu, na wenzetu wa Mokowe, Faza, Kizingitini na kokote mlipo.

Tangu mpox (homa ya nyani) ianze kutajwa, magrupu ya mtaa yamejaa fatwa za taka. Huyu asema chomeni kila kitu, yule asema mwagieni Jik (dawa ya klorini), wa tatu asema fukieni uani. Nimetumikia afya ya umma visiwani humu miaka mingi na korona ilinikuta bado kazini, kwa hiyo naweka hapa ninachokijua, kisha mniulize. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aruke hadi penye sindano, maana hapo ndipo penye balaa lenyewe.

Taka za mgonjwa hazimdhuru sana aliyezitoa, kwa kuwa huo ugonjwa ameshaishi nao ndani ya nyumba. Zinamdhuru anayezipokea bila kujua kilichomo. Hapa Amu gari la taka haliingii vichochoroni. Mfuko unatoka chumbani, unakaa dakani (kibaraza cha mlangoni), kijana anauchukua, anautia kwenye shogi la punda, unafika jaani, na huko jaani kuna wanaochambua plastiki na chuma, kuna punda wanaokula humo humo, kuna paka. Hesabuni mikono. Wote hao wanamtegemea yule wa kwanza aliyefunga mfuko, awe ameufunga kwa akili.

Hospitalini kazi hii ina utaratibu wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kama asilimia 85 ya taka za hospitali ni taka za kawaida tu: makaratasi, maboksi, maganda ya ndizi ya waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Asilimia 15 ndizo zenye hatari, ama ya maambukizi, ama ya kemikali, ama ya mionzi. Ndiyo maana mnaona mapipa ya rangi: jeusi kwa taka za kawaida, la njano kwa za maambukizi, jekundu kwa zile kali zaidi, viungo vya mwili na vitu vya maabara. Sindano zina boksi lake gumu. Taka zikishachanganywa, zote huhesabiwa za maambukizi. Kikombe kimoja cha mafuta ya taa kikimwagika kwenye birika (tangi la maji la nyumba), huna tena birika la maji. Hapo gharama ya kuchoma inapanda, tanuri linazidiwa, na taka zinarundikwa nyuma ya jengo zikingoja Mungu.

Korona ilituonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2021, shehena ya kwanza ya chanjo iliyotua Nairobi ilikuwa dozi milioni 1.02. Boksi la sindano la lita 5 hubeba kama sindano 100. Pigeni hesabu: maboksi zaidi ya 10,000 kwa shehena hiyo moja, na kila boksi lazima lifike kwenye tanuri likiwa limefungwa. Kwa dunia nzima, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Februari 2022 ilisema dozi zaidi ya bilioni 8 zilizokwishadungwa zilizaa tani 144,000 za taka za ziada. Ripoti hiyo hiyo ikasema vituo vya afya 3 katika kila 10 havina uwezo wa kuzikabili hata taka za siku za kawaida, na katika nchi maskini zaidi ni 6 katika kila 10. Basi msidhani ni sisi peke yetu tuliolemewa.

Twende nyumbani. Mgonjwa awe na chombo chake cha taka chumbani mwake, chenye mfuniko. Humo huingia barakoa, karatasi za kamasi, pamba, bandeji, glavu, nepi, vifaa vya kujipimia. Ndani utie mfuko. Ukijaa robo tatu, basi. Usiushindilie: kushindilia kunaitoa hewa ya ndani ikupige usoni, na ndiko kunakopasua mfuko. Kusanya mdomo wake, usokote, ukunje, ufunge kwa kamba. Tia kwenye mfuko wa pili, ufunge vile vile. Nawa kwa sabuni. Kwa korona, nchi nyingi zilishauri mfuko ukae saa 72 mahali pakavu ambapo watoto na paka hawafiki, kisha utoke na taka nyingine. Saa hizo zina asili yake: utafiti uliochapishwa Machi 2020 ulikikuta kirusi kikidumu kwenye plastiki hadi saa 72 na kwenye kadibodi hadi saa 24, kikififia kadiri muda unavyokwenda.

Mabaki ya chakula, chupa za maji na maboksi ya dawa ambayo mgonjwa hakuyashika hayahitaji mifuko miwili. Msijichoshe na hayo, mkichoka mtaacha na yale ya lazima.

SINDANO. Hizi hazina saa 72. Sindano iliyomdunga mtu mwenye homa ya ini aina ya B, ikimchoma asiyechanjwa, uwezekano wa kuambukizwa hufika asilimia 30. Homa ya ini C ni kama asilimia 1.8, Ukimwi ni 0.3. Watu wanaogopa Ukimwi, na homa ya ini B inawapita kimya kimya.

Tafuta dumu la plastiki ngumu, la sabuni ya maji au la Jik, lenye mdomo mwembamba na kizibo cha kusokota. Chupa ya maji ya dukani haifai, inatobolewa. Ukimaliza kudunga, usirudishe kifuniko kwenye sindano. Wengi hujichoma hapo. Usiikunje, usiivunje. Idondoshe ncha ikitangulia. Piga alama ya kalamu penye robo tatu, na ikifika hapo funga kizibo, zungushia selotepu, andika kwa herufi kubwa: SINDANO, USIFUNGUE. Dumu hili halimwendei hamali. Linakwenda zahanati.

Karibuni kwa maswali.

---

Punda_Mweupe_Langoni

Mzee shukran. Mimi ndiye huyo mwenye punda.

Nieleze watu jinsi inavyokuwa. Gunia likiwa kwenye shogi, vichochoro vya Mkomani vinakubana ukuta huku na ukuta huku, kwa hiyo unalisukuma gunia kwa goti lisije likapinduka. Sindano ilipita gunia, ikapita suruali, ikaingia juu ya goti. Nilidhani mwiba. Nilipolifungua gunia nikakuta mabomba ya sindano yamechanganywa na mabaki ya wali na biringani.

Na gunia lenyewe halikutoka nyumba ya mtu. Lilitoka kliniki moja, siitaji. Nilipowarudia wakaniambia mimi si mfanyakazi wao.

---

Binti_wa_Mkomani

Subhanallah. Pole sana kaka.

---

Mstaafu_wa_Zahanati

@Punda_Mweupe_Langoni pole mwanangu. Kliniki hiyo isikudanganye. Kanuni za taka zinamtaka mwenye kuzalisha taka za hospitali azitenge mwenyewe na azikabidhi kwa mwenye leseni ya kuzibeba. Kumpa mtu gunia asilolijua hakuwaondolei dhima.

Likitokea tena, wewe au mwenzako yeyote: osha pale palipochomwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usibinye damu itoke, usinyonye, usimwagie Jik, inachoma nyama bure. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia Ukimwi baada ya ajali zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Zinanywewa siku 28. Waambie pia wakuangalie homa ya ini B.

Na hata kama hukuchomwa, omba chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita tangu ya kwanza. Wanaobeba taka wanaihitaji sawa na wauguzi.

---

Kijana_wa_Shela

Mimi naona tunazunguka tu. Pipa la chuma, mafuta kidogo, kiberiti, kwisha. Kirusi gani kitapona motoni? Babu zetu walichoma takataka na hawakufa.

---

Dada_Maabara

Babu zetu hawakuwa na plastiki ya kuchoma, kaka.

Kirusi hakiponi motoni, hapo huna kosa. Ila huo moto wa pipa si moto wa tanuri. Tanuri la hospitali linalofaa lina vyumba viwili. Cha kwanza kinaunguza taka, cha pili kinaunguza moshi wenyewe, kwa nyuzi 850 na zaidi, na moshi unatakiwa ukae humo angalau sekunde 2. Taka zenye klorini nyingi, mfano mirija na mifuko ya dripu iliyotengenezwa kwa PVC, zinataka nyuzi 1,100. Pipa la uani halifiki huko hata ukesha ukilipulizia. Moto wa uvuguvugu uliochanganyika na plastiki ya namna hiyo ndio unaozaa dioksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili wa samaki, ng'ombe na binadamu kwa miaka, na inayohusishwa na saratani. Halafu nyumba za Amu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Moshi wako unaingia kwenye kiwanda (ua wa ndani) cha jirani anayeugua pumu.

Na mkebe wa dawa ya kupuliza, ule wa pumu au wa kuulia mbu, ukiingia kwenye huo moto unalipuka. Sindano nazo haziungui. Ncha inabaki kwenye jivu ikimngoja mtoto.

---

Kijana_wa_Shela

Sawa, basi nazirowesha kwenye Jik kwanza halafu nachoma.

---

Dada_Maabara

Hapo ndipo unapoongeza klorini kwenye moto. Umelizidisha tatizo.

---

Mstaafu_wa_Zahanati

Ngojeni niseme la Jik, maana mwaka 2020 nilikuta nyumba zinanuka Jik mpaka macho yanatoka machozi.

Jik ya asilimia 3.5: kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji kinakupa mchanganyiko wa asilimia 0.5. Huo ni wa damu, matapishi na choo kilichochafuka. Unafunika kwanza kwa kitambaa au karatasi, unamimina, unasubiri kama dakika 10, unazoa ukiwa na glavu. Kwa meza, vitasa vya milango na vyombo vya taka vyenyewe, asilimia 0.1 inatosha, ndiyo kikombe 1 kwa vikombe 34. Osha kwa sabuni kwanza. Klorini ikikutana na uchafu inamalizwa na uchafu kabla haijamfikia mdudu. Soma kibandiko cha chupa, si chupa zote zina nguvu moja. Mchanganyiko ni wa siku moja, kesho umwage uchanganye mwingine. Na usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala na siki. Inatoa gesi ya klorini, na choo cha nyumba ya kale hakina dirisha la kukuokoa.

Kumwagia Jik mfuko wa taka uliojaa hakuna maana. Inalowesha juu tu, ndani hakufiki kitu.

---

Binti_wa_Mkomani

Mwalimu mimi nina maswali mawili. Mama yangu ana kisukari, anadunga insulini kila siku, na hapo nimekuelewa, kesho natafuta dumu. Lakini mfuko wa pili nautoa wapi? Tangu Agosti 2017 mifuko ya nailoni ni marufuku. Nikionekana na mfuko mweusi nashikwa mimi.

La pili ni nepi za bibi. Amelala kitandani miezi sasa, na hapa nyumbani tulishapita korona wote. Nilikuwa natia zote kwenye gunia.

---

Mstaafu_wa_Zahanati

Swali lako la kwanza lilinisumbua kazini, kwa sababu maagizo yote ya korona yalisema "mifuko miwili" kana kwamba kila mtu anayo. Marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 ililenga mifuko ya kubebea bidhaa. Mifuko maalumu ya taka za hospitali na ya mapipa iliachiwa kwa masharti ya kuandikwa alama. Sasa nani dukani Langoni atakuwekea hiyo?

Tumia ulichonacho. Pakiti nene za plastiki zilizokuja na unga, sukari au sabuni ya unga zinafaa sana, ni imara kuliko ule mfuko mweusi wa zamani. Mfuko wa nje unaweza kuwa gunia dogo la mchele, la sandarusi, ila linapitisha majimaji, basi tandika gazeti ndani na umwage vumbi la mbao chini yake. Vumbi la mbao halikosekani kisiwani hiki. Wanaounda mashua Matondoni wanalifagia kila siku. Linanyonya. Kama huna mfuko kabisa, boksi la kadibodi lililotandikwa gazeti na kufungwa kamba linatosha kwa vitu vikavu kama barakoa.

Nepi: kinyesi kiende chooni kwanza. Ikunje ndani kwa ndani, uibane kwa gundi zake, uitie kwenye pakiti. Isiende mtaroni. Maji ya mvua yakija, mtaro wa Amu unaitoa yote baharini, na baharini ndiko watoto wanakoogelea.

Shuka na leso za mgonjwa si taka, fua kwa maji ya moto na sabuni, anika juani. Usizikung'ute.

---

Mashaka_Tu

Wazee samahani. Korona ilikuwa biashara ya watu. Hakuna hata mzoa taka mmoja niliyesikia amekufa kwa kuokota barakoa. Leo mnatuletea tena hofu ya mifuko.

---

Mstaafu_wa_Zahanati

Nusu ya maneno yako nakupa. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema mwaka 2020 kwamba hakukuwa na ushahidi wa mtu kupata korona kwa kushika taka za hospitali bila kinga. Kirusi kile kilipenda zaidi pumzi ya mtu wa karibu nawe. Ndiyo maana kwenye andiko langu barakoa zimepewa mistari michache na sindano zimepewa aya nzima.

Ila maradhi hayafanani. Kipindupindu kiko kwenye kinyesi na matapishi, hapo ndoo na choo ndivyo vya kuogopwa. Kifua kikuu kiko kwenye hewa na makohozi: mgonjwa ateme kwenye mkebe wenye mfuniko, makohozi yaende chooni, dirisha liachwe wazi. Ukitumia sheria moja kwa yote utakuwa umehangaika pasipo sababu na umelala penye hatari.

---

Dada_Maabara

Na niongeze la mpox, kwa sababu naona watu wameshazikariri saa 72.

Saa 72 ni za korona. Kirusi cha mpox kinakaa kwenye magamba ya vidonda, na magamba yanadondoka kwenye shuka, mkeka, sofa. Watafiti Marekani waliwahi kukikuta kikiwa hai kwenye vitu vya nyumba ya mgonjwa, nyumba ikiwa imekaa kama siku 15 bila mtu. Hapo kungoja siku tatu hakukusaidii. Bandeji na vitambaa vya vidonda vifungwe mara mbili na mhudumu wa afya wa mtaani ajulishwe vipelekwe hospitali. Shuka ikunjwe taratibu kwa ndani na iende moja kwa moja kwenye maji ya moto. Ukiikung'uta dirishani umewapelekea wapita njia.

Vile vifaa vya kujipimia nyumbani, kijiti cha pua ndicho cha kufunga vizuri. Kibao chenyewe ni plastiki tupu.

---

Mzee_wa_Birika

Nyinyi vijana hamukumbuki mwaka 2004. Mimi nakumbuka vyema. Mwezi wa saba muini kila nyumba ina mtu amelala, viungo vimemkaza, hawezi kuya msikitini, hawezi kushuka ngazi. Tukadhani malaria. Ikaya kuonekana ni chikungunya, maradhi ya mbu, na waliokuja kupima damu wakasema robo tatu ya watu wa kisiwa imewapitia. Ikaondoka hapa ikaenda Mombasa, ikaenda Ngazija, ikavuka mpaka Réunion.

Ile haikuwa taka ya hospitali. Mbu wale huzaa kwenye mai safi yaliyotulia: ndoo, mitungi, vifuu vya nazi, tairi, mikebe iliyotupwa uani. Ndiyo maana wazee waliweka samaki wadogo ndani ya birika, wale huwala viluwiluwi wote. Sasa mtu ameziba birika kwa saruji akaweka mapipa ya plastiki bila mfuniko, na uani ametupa makopo. Ukisema taka wakati wa maradhi, na hizo zimo.

---

Binti_wa_Mkomani

Babu samaki hao wanapatikana wapi siku hizi? Birika letu bado lipo.

---

Mzee_wa_Birika

Uliza nyumba yoyote kongwe ya Mkomani yenye birika bado. Watakupa bure kwenye kikombe.

---

Mwalimu_wa_Faza

Salaam kutoka Pate. Nyie wa Amu mna punda na jaa, na hospitali kubwa iko hapo kando. Huku kwetu jaa ni mikoko. Mtu akimaliza kuuguza, gunia linapelekwa ufukweni maji yakiwa yamekupwa, yakijaa yanalichukua. Tumejadili msikitini kuchimba shimo. Mnashauri nini?

---

Mstaafu_wa_Zahanati

Mwalimu, shimo ni kitu kizuri kikichimbwa pazuri, na visiwani pazuri ni pachache. Chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 kabla ya kufikia maji ya ardhini, na kisima cha karibu kiwe mbali, mita 50 au zaidi. Chimbeni shimo la kujaribia kwanza, mlale nalo usiku. Asubuhi mkikuta unyevu chini, hapo si mahali. Mchanga wetu unapitisha maji upesi. Huku Amu mji mzima unakunywa maji yaliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela, na ndiyo sababu nikimwona mtu na jembe kule namfuata.

Mkipata mahali, shimo liwe na uzio mbuzi wasiingie, na kila mnapotia taka mfunike kwa udongo siku hiyo hiyo. Bandeji, pamba na nepi zilizokwisha kuondolewa kinyesi zinaweza kuingia humo. Sindano na dawa zilizopitwa na wakati, hapana. Hizo zirudi zahanati, na zahanati izisafirishe kwa boti kwenda kwenye tanuri. Boksi likiwa botini likae mahali pake limefungwa kamba, lisiwekwe chini ya miguu ya abiria wala juu ya magunia ya unga. Nahodha aambiwe amebeba nini.

Dawa zilizopitwa na wakati msizimwage chooni wala baharini.

---

Kijana_wa_Shela

Swali bila ubishi safari hii. Tuna jahazi la Flipflopi, limeundwa hapa hapa Amu kwa plastiki za kuokota na likashushwa majini 2018. Kwa nini mabomba ya sindano na barakoa zisisagwe zikatumika vile vile? Ni plastiki nzuri.

---

Dada_Maabara

Swali zuri. Bomba la sindano ni polipropilini, plastiki ya thamani kweli. Ila kabla mashine haijaisaga, kuna vijana wanaoipanga kwa mikono. Hospitali zenye mtungi mkubwa wa mvuke huzichemsha taka za maambukizi kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa nusu saa au zaidi, na hapo wadudu wote wamekufa. Baada ya hapo, na baada ya kutoa ncha, plastiki inaweza kusagwa. Bila mvuke huo, plastiki ya hospitali isikanyage kwenye ghala la wasagaji. Barakoa ndiyo haifai hata kidogo, ina waya wa pua na mipira ya masikio iliyoshonwa pamoja na kitambaa. Kata zile kamba za masikio kabla hujaitupa, ndege wa ufukweni hunasa miguu humo.

---

Kijana_wa_Shela

Nimekupata dada. Pipa langu nitalitilia maji ya bustani, kwa mfuniko, mzee wa birika asije kunigombeza.

---

Punda_Mweupe_Langoni

Mzee nina moja. Sisi wenye punda tumekubaliana kununua glavu. Ndugu yangu kaleta zile nyeupe nyembamba za hospitali, boksi zima. Zinafaa?

---

Mstaafu_wa_Zahanati

Hazifai kwa kazi yenu. Zile ni za daktari anayemgusa mgonjwa, sindano inazipita bila kuhisi. Nunueni glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, zile wanazotumia wanaosafisha matangi. Zinaoshwa kwa sabuni zikiwa bado mkononi, zinaanikwa, zinatumika tena. Miguuni mabuti ya mpira, si ndara. Mbele aproni ya turubai nzito inayofunika mpaka chini ya magoti, maana umesema mwenyewe unasukuma kwa goti. Gunia libebwe kwa shingo, lisikumbatiwe, na lisitupwe begani.

Kisha kubalianeni na nyumba mnazozichukulia taka. Nyumba yenye mgonjwa ifunge kitambaa chekundu kwenye shingo ya mfuko. Haihitaji kumtaja mtu wala kueleza ugonjwa. Kijana akiona chekundu anajua kuuweka juu ya mzigo, peke yake, na kutoufungua.

---

Mashaka_Tu

Na majirani wakiona kitambaa chekundu mlangoni? Mtaa wote utasema nyumba ya fulani ina mpox.

---

Binti_wa_Mkomani

Hapo kasema kweli. Dada mmoja jirani zetu alifichwa ndani wakati wa korona kwa sababu ya maneno ya watu tu. Mfuko wake ulikuwa unatoka usiku.

---

Mstaafu_wa_Zahanati

Hoja nzito. Basi kitambaa kisikae nje. Mfuko usubiri ndani, kwenye kiwanda, na kijana akibisha hodi ndipo unafungwa kitambaa mkononi mwake. Anayehitaji kujua ni yeye peke yake. Punda_Mweupe, mtaweza kubisha hodi nyumba kwa nyumba?

---

Punda_Mweupe_Langoni

Tunabisha hodi kila siku tukidai pesa zetu. Tutaweza.

---

Binti_wa_Mkomani

Mwalimu la mwisho. Nimeangalia sindano za mama alizokuwa ameziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, limejaa hadi juu na mfuniko wake haubani. Nizihamishie kwenye dumu?

---

Mstaafu_wa_Zahanati

Usihamishe hata moja. Kufungua na kumimina ndiko kutakakokuchoma. Bana mfuniko kwa selotepu pande zote, kopo lote lilivyo litie ndani ya ndoo yenye mfuniko, andika juu yake, na uipeleke zahanati mwenyewe asubuhi. Piga simu kwanza uulize saa wanazopokea. Usimtume mtoto.